Kabla ya kuilaumu simu, jiulize mchana ulikuwa wapi

Nilifanya kazi miaka mitatu kwenye stoo moja Kariakoo, haina hata dirisha. Naingia saa moja asubuhi, natoka jua linazama. Usiku nalala saa nne, nageukageuka mpaka saa saba. Kila niliyemwambia alinipa dawa ile ile: acha simu. Nikaiacha. Basi hata taa ya sebuleni ikawa inanichangamsha.

Kisha nikapelekwa nje mwezi mzima kuhesabu mizigo inayoshushwa. Usingizi ukarudi wenyewe, na simu nilikuwa nimeshaianza tena!

Ndipo nikaanza kusoma. Ndani ya jicho, upande wa nyuma, kuna seli zenye melanopsini, protini inayohisi mwanga, ambazo kazi yake kubwa si kuona, ni kuiambia saa ya mwili kama ni mchana au usiku. Giza likiingia, ubongo hutoa melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, mwanga huizuia. Hayo wengi tunayajua. Nililokuwa silijui ni kwamba nguvu ya taa ya usiku inategemea mwanga ulioupata mchana. Utafiti uliochapishwa 2002 uliwaweka watu wale wale wiki moja kwenye mwanga mkali na nyingine kwenye mwanga hafifu. Taa ile ile ya usiku ilizuia melatonini zaidi baada ya wiki ya mwanga hafifu. Mwaka 2016 watafiti wa Uppsala, Sweden, wakaonyesha kuwa baada ya saa sita na nusu za mwanga mkali, kusoma kwenye tableti jioni kwa muda wa saa mbili hakukuipunguza melatonini kuliko kusoma kitabu.

Jicho linadanganya kuhusu ukali wa mwanga, maana huzoea haraka. Nilipima kwa programu ya simu: mezani stoo luksi (kipimo cha mwanga) 90, nje chini ya mwembe zaidi ya 7,000. Kwa hiyo huhitaji kuungua na jua, wala usilikodolee macho. Kivuli cha nje kinatosha.

Siku hizi chai ya asubuhi nakunywa nje, na mchana nakula kwa mama ntilie kwenye benchi badala ya kufungiwa chakula. Usiku bado napunguza taa, hasa zile nyeupe kali. Daftari la mahesabu nalo nimelihamishia barazani. Bosi alinuna siku mbili, akazoea.