Michoro ya samani za mitaani hupatikana wapi?
Kwa aliyeuliza mahali pa kupata michoro ya kiufundi ya mabenchi, mapipa ya taka na nguzo za taa, ningeshauri aanze na tovuti za watengenezaji wenyewe, kwa kuwa wengi wao huweka faili za DWG (aina ya faili za michoro ya kompyuta, kama za programu ya AutoCAD) bila malipo kwenye ukurasa wa bidhaa, kisha atazame michoro sanifu inayotolewa na mamlaka za miji. Maktaba za michoro ya bure zinafaa kwa mpangilio wa jumla tu. Ukishafungua faili, pima kwanza kimo cha kiti cha benchi: kwa kawaida hukaribia milimita 450, na ukisoma 18, basi mchoro huenda umechorwa kwa inchi. Usiusahau mchoro wa msingi na boliti zinazoishikilia samani ardhini, ambao mara nyingi huwekwa katika faili ya peke yake.