Pedi ya kijani haikanyagi zulia la sufu

Kijana mmoja wa Kisauni, hapa Mombasa, ameniandikia juzi: "Kaka, nimepata mashine ya kuzunguka ya inchi 17, bei ya chini. Ninunue pedi gani nianze kuosha mazulia ya sufu huko Nyali?" Pedi ni ile duara inayokaa chini ya mashine na kusugua. Nimecheka peke yangu, kwa sababu swali limenikuta wiki ile ile niliyorudishiwa kazi niliyonyang'anywa.

Kuna nyumba moja ambayo kila kabla ya Ramadhani nilikuwa naosha zulia lao la sufu, lililotandikwa sebule nzima. Mwaka jana mwenye nyumba akaniambia, "Wewe wasugua kama waogopa." Akaletwa mwingine, nusu ya bei yangu. Sikujibu kitu, lakini liliniuma, na nisidanganye, bado lauma kidogo.

Basi wiki hii simu ikalia. Nilipofika sikuhitaji kuuliza. Jua la alasiri lilikuwa linaingia dirishani, na zulia zima lilikuwa na miduara, mmoja juu ya mwingine. Nikapitisha kiganja: ncha za nyuzi zimefumuka, zakwaruza. Jamaa alikuwa ametumia pedi ya kijani, ile ya kusugulia terazo, na sabuni kali ya kutolea mafuta jikoni. Madoa ya kahawia yaliyoachwa na sabuni hiyo niliyapunguza kwa dawa yenye asidi hafifu. Miduara haitoki, nikamwambia wazi. Safari hii bei hakupinga.

Unywele wa sufu una magamba madogo sana. Ukiusugua kwa nguvu ukiwa umelowa, tena kwa maji moto na sabuni kali, magamba yanashikana na zulia linagandamana na kuwa gumu. Rangi za pedi za sakafu zina maana yake: nyeusi ya kubandua nta, kijani ya kusugua, nyekundu ya kung'arishia kila siku, nyeupe ya kupolishi. Zote ni za sakafu ngumu. Hata nyeupe usinipelekee kwenye sufu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, nunua pedi ya pamba yenye vitanzi au ya maikrofaiba. Ikiwa imeshonewa mistari migumu ya kusugulia, irudishe dukani. Mashine iwe ya mwendo wa chini, mizunguko kama 175 kwa dakika. Dawa iwe ya sufu, pH (kipimo cha asidi na ukali wa dawa) kati ya 5 na 8. Jiki usiisogeze hata karibu, inayeyusha sufu. Na zulia la Kiajemi lililofumwa kwa mkono, lenye mashada, halipigwi mashine ya kuzunguka kabisa. Hilo ni la mkono, na ni la bei nyingine.

Huna hakika kama ni sufu? Chomoa uzi mmoja pembeni, uchome. Sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika, lakini plastiki inayeyuka na kuwa kitone kigumu.

Kabla ya pedi kugusa zulia, vuta vumbi mpaka uchoke. Nyumba za karibu na bahari zina mchanga, na mchanga chini ya pedi ni msasa. Pedi iwe na unyevu tu, isidondoke. Sufu inaweza kunywa unyevu karibu theluthi ya uzito wake na usihisi kama imelowa, halafu na hewa hii yetu ya masika utakuja kuitwa kwa sababu ya harufu. Pedi ikichafuka upande mmoja, geuza. Pande zote zikichafuka, badilisha. Watu wanabana hapo, wanafanya sebule nzima kwa pedi moja, kisha wanalalamika wateja wa Mombasa hawana shukrani! Wateja wana macho, ndugu yangu.

Pedi zioshwe siku hiyo hiyo, bila jiki, na za maikrofaiba bila dawa ya kulainisha nguo, maana inaziba nyuzi zisinywe tena uchafu. Kama kwenu mwatumia maji ya kisima yenye chumvi, suuza ya mwisho iwe kwa maji ya mfereji. Anika kivulini penye upepo. Za kuoshea sufu zitie alama ya uzi mwekundu zisichanganyike na za sakafu. Vitanzi vikilala na havisimami tena baada ya kufuliwa, hiyo pedi sasa ni tambara la gereji.

Anza na sita. Mbili hazitoshi hata chumba kimoja.