Jibu: Je, ni dhambi kumhoji mchungaji?

Mkuu, umeuliza kama ni dhambi kumhoji mchungaji wenu hapo Uyole, anayehimiza kina mama walete magunia ya viazi siku ya mavuno huku mapato hayasomwi mwaka mzima. Si dhambi hata kidogo. Katika Mathayo 23 Yesu mwenyewe anawaambia watu washike wanayofundishwa na waandishi na Mafarisayo, ila wasiige matendo yao. Waislamu nao wana onyo kama hilo, Sura ya 61 aya ya 2 na 3.

Na huyo mzee anayekutisha kwa "msiwaguse masihi wangu" aisome Zaburi 105 kuanzia juu. Pale wanaokaripiwa ni wafalme, wasiwadhuru kina Ibrahimu walipokuwa wageni ugenini. Daftari la sadaka halimo. Inaniuma sana mjane auze debe la mahindi apate fungu la kumi, halafu aambiwe hana haki ya kuuliza.

Ila usianzie kijiweni Mwanjelwa. 1 Timotheo 5:19 inataka mashahidi wawili au watatu. Tafuta wenzako, nendeni kwa wazee wa kanisa, ombeni mapato na matumizi yasomwe mbele ya washarika wote. Wakikataa, andikeni barua ngazi ya juu, na nakala mbaki nayo.