Maswali na majibu: picha za hadubini na vifaa vya tiba vya zamani

Mwanafunzi wa sekondari, Ilemela: Vitabuni nimeona vimelea vya malaria vya zambarau na virusi vya kijani. Je, hizo ndizo rangi zake halisi?

Hapana, ingawa picha hizo mbili hazipati rangi kwa njia moja. Kimelea cha malaria karibu hakina rangi. Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa aliyekigundua nchini Algeria mwaka 1880, alikiona katika damu mbichi isiyotiwa rangi, akavutiwa na mwendo wake na vipunje vyeusi vilivyomo ndani yake. Maabara za leo hutumia rangi ya Giemsa, iliyopewa jina la mkemia Gustav Giemsa wa Hamburg, ambayo hukipaka kiini cha kimelea wekundu ulioiva na sehemu inayokizunguka ubuluu, ili mpimaji akitofautishe na chembe ya damu iliyokibeba. Zambarau uliyoiona ni hiyo rangi ya Giemsa iliyonyonywa na kimelea, nayo imo kweli katika kioo kilichopigwa picha.

Kijani cha kirusi hakimo popote. Hadubini ya mwanga haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana kwa chini ya nanomita 200 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), ilhali kirusi cha UKIMWI kina upana wa nanomita 100 na ushei, kwa hiyo hupigwa picha kwa hadubini ya elektroni, ambayo hutoa picha nyeusi, nyeupe na kijivu. Rangi huongezwa baadaye kwa kompyuta. Sioni ubaya wowote hapo ikiwa maelezo yaliyo chini ya picha yanasema hivyo. Tatizo ni vitabu vinavyonyamaza, nami ningependa walimu waanze kuviuliza.

Mzazi, Ukerewe: Mwanangu alipimwa choo kikubwa akaambiwa hana kichocho, lakini shuleni alipewa dawa hata hivyo. Maabara huona nini hasa?

Huona mayai, si minyoo, kwa kuwa minyoo wa kichocho huishi ndani ya mishipa ya damu. Kichocho cha tumbo, kilichoenea mwambaoni mwa ziwa letu la Victoria, huletwa na Schistosoma mansoni, ambaye yai lake lina mwiba uliochomoza ubavuni. Mwiba huo ndio mpimaji anaoutafuta. Yai la kichocho cha kibofu lina mwiba nchani, nalo hutafutwa katika mkojo.

Katika kipimo cha Kato-Katz, kinachotumika sana kwenye utafiti na kampeni za afya, kinachowekwa chini ya hadubini ni miligramu 41.7 tu za choo, na mayai yaliyohesabiwa huzidishwa kwa 24 ili kupata idadi katika gramu moja. Mtoto mwenye minyoo wachache anaweza kabisa kukosa yai katika kipande kidogo kiasi hicho, hata kama anaumwa. Jibu la maabara lilimaanisha kwamba mayai hayakuonekana katika choo cha siku ile. Ndiyo maana, katika maeneo yenye maambukizi mengi, praziquantel hutolewa kwa wanafunzi bila kumpima kila mmoja. Hata hivyo, dawa hiyo haimkingi mtoto anayerudi kuoga ziwani.

Mjukuu wa mhudumu wa zahanati, Magu: Babu aliniachia hadubini ya shaba yenye kioo badala ya taa. Lenzi zina utando. Je, niing'arishe?

Usiisugue hata kidogo, kwa sababu dawa za kung'arishia huondoa vanishi ya asili na kufuta maandishi ya mtengenezaji. Utando huo huenda ni kuvu, ambao hupenda unyevu kama wa huku kwetu na hatimaye huweza kuila lenzi. Kiondoe chombo katika kasha lake la zamani, ukihifadhi pakavu penye hewa, na lenzi umwachie fundi wa vifaa vya maabara. Kioo kilielekezwa kwenye mwanga wa dirishani. Kamwe usikielekeze kwenye jua lenyewe huku ukichungulia, utaharibu jicho.

La muhimu zaidi ni kuandika sasa hivi, wazee wakiwapo, zahanati ilikuwa wapi, babu aliitumia miaka gani na alipima magonjwa gani. Nambari iliyochongwa kwenye shaba itamwonyesha mtafiti kiwanda kilichoitengeneza, lakini haitamwambia lolote kuhusu Magu.

Msomaji, Nyakato: Je, ni salama kutunza vipimajoto vya zebaki?

Ni salama vikiwa vizima na mbali na watoto. Kikivunjika, watoe watu chumbani, fungua madirisha, wala usifagie. Na asije mtu akakushawishi kuviuza kwa wachenjuaji wa dhahabu, wanaotumia zebaki kunasia dhahabu.

Mvuvi, Igombe: Ni kweli kwamba Robert Koch alifika ziwa hili?

Ni kweli. Koch, aliyetangaza ugunduzi wa bakteria wa kifua kikuu mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, alifanya kazi katika visiwa vya Sese, upande wa Uganda, mwaka 1906 na 1907, wakati malale ilipokuwa ikiangamiza watu wa mwambao. Aliwatibu wagonjwa kwa atoxyl, dawa yenye aseniki, na baadhi yao wakapofuka. Chupa ya dawa hiyo ikiwekwa makumbusho chini ya jina lake pekee, bila kuwataja waliopofuka, mimi nitasema maelezo yake hayajakamilika.