Faili yako, fomati ya nani?

Nyinyi mnaoanza kazi za ofisi hapa Mombasa, iwe kwa mawakala wa forodha Kilindini, kwenye maghala ya chai Shimanzi au kwenye saiba ya mtaani, bosi wa kwanza atawafundisha kuandika barua na kupiga muhuri. Ni nadra awafundishe kutazama herufi tatu au nne zinazofuata nukta kwenye jina la faili. Mimi herufi hizo zilinikosesha usingizi wiki mbili.

Ofisi niliyoanzia ilikuwa na programu ya hesabu za makontena: lipi limeingia, lipi limetoka, nani kalipa, nani anadaiwa. Programu ile ilihifadhi kila kitu kwa fomati yake peke yake, yaani namna yake ya kupanga data ndani ya faili, ambayo zile herufi za mwisho wa jina huitambulisha, na haikufunguka bila kidude cha leseni kilichochomekwa nyuma ya kompyuta. Kompyuta ikafa. Tulipohama ofisi kidude kikapotea, na aliyetuuzia akawa hapatikani kwa simu. Miaka mitatu baadaye mteja akaja juu, anadai tulimtoza mara mbili. Faili tunayo, tumeinakili hata kwenye flashi mbili. Kuifungua, hakuna. Nikajaribu kuisoma kwa programu ya maandishi matupu, nikaona vijimraba na alama za ajabu, na jina la mteja limechomoza katikati kama linanicheka. Mali bila daftari hupotea bila habari, ndivyo tulivyofundishwa. Sisi daftari tulikuwa nalo, ila kufuli ni la mtu mwingine. Ikabidi tukae sakafuni na risiti za karatasi, moja moja. Bahati sheria ya kodi ya Kenya hutaka kumbukumbu zihifadhiwe miaka 5, kwa hivyo maboksi hayakuwa yametupwa.

Hiyo ndiyo fomati ya wenyewe. Jinsi data ilivyopangwa ndani anaijua aliyeitengeneza, na wewe umepewa mlango mmoja tu. Fomati ya wazi ni ile ambayo maelezo yake yamechapishwa, na fundi yeyote anaweza kutengeneza programu ya kuisoma. Msichanganye uwazi na bei. Zipo programu za bure zenye fomati ya kufungwa, na zipo za kulipia zinazohifadhi kwa fomati ya wazi.

Kwa barua na majedwali, hali iko hivi. Faili za .doc za zamani zilikuwa za wenyewe kwa miaka mingi, mpaka Microsoft ilipoyatoa maelezo yake hadharani mwaka 2008. Familia ya .odt ya barua na .ods ya majedwali, ambayo programu ya bure ya ofisi iitwayo LibreOffice huitumia, ilipitishwa na shirika la OASIS mwaka 2005, na mwaka uliofuata ikawa kiwango cha kimataifa cha ISO, namba 26300. Nayo .docx ilikuja na Office 2007, ikapata namba yake ya ISO, 29500, mwaka 2008. Kwa hivyo mtu akikwambia .docx imefungwa, si kweli. Akikwambia iko wazi sawasawa na .odt, mwagizie kahawa chungu kwanza kisha mzungumze: maelezo yake ya mwanzo yalikuwa kurasa 6,000 hivi, na Word kwa kawaida huhifadhi kwa ile sura inayoitwa ya mpito, iliyobeba mazoea ya zamani. Ndiyo sababu programu nyingine huisoma, lakini jedwali lako huenda likatokea limeinama kidogo.

Fanyeni jaribio hili kwa mikono yenu. Chukua nakala ya faili ya .docx, nakala nasema, badilisha mwisho wa jina uwe .zip, uifungue. Ndani utakuta mafolda, na katika folda la word kuna document.xml, maneno yako yote yamo humo katikati ya mabano. Kwenye .odt utakuta content.xml. Siku moja dada mmoja alikuja saiba analia, ripoti yake ya chuo imekataa kufunguka na mwisho wa kuwasilisha ni saa kumi. Zip ilifunguka, picha tukazikuta kwenye folda la media, maandishi tukayatoa. Mpangilio ulipotea, ila kuandika upya alama za vichwa si sawa na kuandika upya kurasa 60. Faili yetu ya makontena isingeweza kuokolewa hivyo.

Sasa fonti, yaani mtindo wa herufi, maana hapa ndipo wageni wa saiba hugombana na sisi bure. Wasifu umeandikwa nyumbani kwa Calibri, kompyuta ya saiba haina Calibri, mistari inasogea, na jina la mdhamini wa mwisho linaangukia ukurasa wa pili peke yake kama maskini. Fomati haina kosa hapo. Faili ya .docx kwa kawaida hutaja jina la fonti tu, haiibebi. LibreOffice ikiwa na fonti ya Carlito mambo hukaa sawa, kwa kuwa herufi zake zina upana uleule wa Calibri. Ukitaka kuprinti nje ya ofisi, beba PDF, ambayo kwa kawaida hubeba fonti ndani yake. Za kukaa kabatini miaka mingi tumia PDF/A, iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo. Lakini msifute ile inayoharirika! Bosi atabadilisha tarehe moja, nawe utaanza kuchapa upya.

Uwazi nao haukulindi na kila kitu. CSV, yaani jedwali ambalo safu zake hutenganishwa kwa koma, ni maandishi matupu, hakuna fomati iliyo wazi kuizidi, na bado inaumiza. Namba ya ushuru ya chai huanza na 0902. Ibofye CSV mara mbili ifunguke kwenye Excel, ile sifuri inaondoka, unabaki na 902, kwa sababu CSV haina pa kusema kwamba hii ni namba ya utambulisho, si hesabu. Namba za simu hali kadhalika. Usiibofye: ingiza data kupitia menyu, uiambie safu hiyo ni maandishi.

Mkitumwa na mteja au mwenye zabuni, mpeni fomati aliyoitaja. Kasema .docx, mpelekee .docx, na msiende kumhubiria. Ya ofisini ndiyo muichague wenyewe. Na kabla bosi hajanunua programu yoyote ya hesabu, muulizeni muuzaji awaonyeshe, pale pale, jinsi ya kuzitoa kumbukumbu zote kwa CSV au .ods. Akisema hiyo itakuja kwenye toleo lijalo, mshukuruni kwa kuja.

Mimi kila Januari huchagua faili moja ya zamani, nikaifungua kwenye kompyuta mpya kuliko zote ofisini. Mwaka huu niliangukia .ods ya 2013. Hesabu zilikuwa sawa, majina sawa, nembo tu ndiyo ilisogea ikafunika tarehe. Nikaisogeza, nikahifadhi, nikarudi kazini.