Barua ya bima imemtia hofu mkamwana wangu

SWALI: Mhariri, mwanangu anaishi Houston, Texas, na amemwoa binti wa Honduras ambaye sasa ana mimba ya miezi sita. Mkamwana wangu anajua Kihispania tu. Kiingereza chake ni cha salamu. Juzi alinitumia kwa WhatsApp picha ya barua ya kampuni ya bima, yenye jumla ya dola 640 chini yake, huku akilia kwamba wanadaiwa fedha ambazo hawana. Mwanangu, ambaye bima yenyewe ni ya kazini kwake, hufanya kazi usiku na kulala mchana, kwa hiyo anayemsindikiza mkamwana wangu kliniki ni mtoto wa jirani mwenye miaka 11, ili amtafsirie. Naambatisha picha hiyo. Je, binti huyu ana haki gani? — Mama wa Watatu, Umoja, Nairobi.

JIBU: Mama, hongera kwa mjukuu anayekuja, na pole kwa wasiwasi. Tumeikuza picha uliyotutumia, na juu kabisa, pembeni mwa nembo ya kampuni, pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba karatasi hiyo si bili. Ni maelezo ya hesabu ambayo kampuni za bima za Marekani humtumia mteja kila anapotibiwa. Safu ya kwanza ni bei aliyotaja mtoa huduma. Ya pili ni bei ambayo bima imekubaliana naye. Ya tatu ni kile ambacho bima imelipa. Na ya mwisho, yenye zile dola 640, ni kile ambacho mgonjwa huenda akadaiwa. Asilipe chochote kwa karatasi hiyo. Asubiri bili ya kliniki yenyewe, kisha aziweke mbili hizo pamoja, na bili ikizidi safu ya mwisho aulize sababu kabla ya kutoa hata senti.

Fedha zenyewe zimetokana na picha za mimba, yaani skani. Bima nyingi za huko humtaka mwanachama alipe kiasi fulani kila mwaka kutoka mfukoni mwake kabla kampuni haijaanza kuchangia, na skani kwa kawaida huingia katika hesabu hiyo. Ziara za kawaida za kliniki ya wajawazito ni jambo jingine: chini ya sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010, mipango mingi huzilipia bila kumtoza mama, pamoja na msaada na vifaa vya kunyonyesha. Kwa hiyo akiona ametozwa kwa ziara ya kawaida, ana sababu nzuri ya kuhoji.

Linalotuuma zaidi ni yule mtoto wa miaka 11. Kifungu cha 1557 cha sheria hiyo hiyo kinazitaka hospitali, kliniki na kampuni za bima zinazopokea fedha za serikali kuu kumpatia mgonjwa asiyejua Kiingereza mkalimani mwenye ujuzi bila malipo, na haziruhusiwi kumtegemea mtoto isipokuwa katika dharura inayohatarisha usalama au ustawi wa mtu wakati ambapo hakuna mkalimani wa kupatikana papo hapo. Mtoto hawezi kubebeshwa habari za damu, shinikizo na upasuaji wa mtu mzima, wala mama hawezi kusema yote mbele yake. Katika ukurasa wa mwisho wa barua yako kuna mistari ya lugha nyingi, na mmoja unaanza hivi: «ATENCIÓN: si habla español…». Huo ndio mlango wake. Apige simu kwa namba iliyo mbele ya mstari huo, ataje lugha yake, na angoje mkalimani aunganishwe. Hata hapa kwetu Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu, inapowezekana, amweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa, ingawa wengi wetu tulitia sahihi fomu za Kiingereza wodini huku uchungu umetushika na hakuna aliyetusomea hata mstari mmoja.

Kampuni ikikataa kulipia huduma, lazima ieleze sababu kwa maandishi, na mkamwana wako ana siku 180 za kukata rufaa. Jambo likiwa la haraka kiafya, jibu linapaswa kutoka ndani ya saa 72. Wizara ya Kazi ya Marekani ina washauri wa bima za kazini ambao hawatozi chochote, na wapo wanaozungumza Kihispania.

Kuhusu kujifungua, sheria ya mwaka 1996 inakataza bima inayogharimia uzazi hospitalini kupunguza muda wa mama na mtoto wodini chini ya saa 48 baada ya kujifungua kwa kawaida, au saa 96 baada ya upasuaji, ila daktari akikubaliana na mama kwamba waondoke mapema.

Lililobaki ni la mwanao. Mtoto akizaliwa, baba ana angalau siku 30 za kumwandikisha katika bima ya kazini, na akifanya hivyo ndani ya muda huo bima huhesabiwa tangu siku ya kuzaliwa. Muda ukipita, huenda akalazimika kungoja msimu wa uandikishaji wa mwaka unaofuata. Mpigie jioni kabla hajaenda kazini, umwambie aulize ofisi ya waajiriwa sasa hivi ni fomu gani inayotakiwa.