Muulize Mhandisi wa Miamba: Si wachimbe tu shimo wafukie?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nasikia taka za vinu vya nyuklia hubaki na hatari maelfu ya miaka. Sasa kwa nini wasichimbe shimo refu, wakatumbukiza kila kitu, wakamwaga zege juu, yakaisha? Hayo mabilioni ya fedha ni ya nini? – Mwanafunzi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wazo lako lina wenyewe. Ujerumani walichukua mgodi wa zamani wa chumvi uitwao Asse, na kati ya 1967 na 1978 wakashusha humo mapipa kama 126,000 ya taka za nyuklia. Mengine yalimwagwa tu kama kifusi. Leo maji yanavuja mgodini, na sheria ya 2013 inataka mapipa hayo yatolewe. Kuyatoa ni kazi nzito kuliko kuyaweka.

Miaka yangu yote chini ya ardhi nimeogopa maji kuliko mwamba. Mwamba ukitaka kuanguka aghalabu hulia kwanza. Maji huja kimya. Taka nazo hazina miguu. Mionzi yenyewe haivuki mita chache za mwamba, lakini maji yakipenya nyufa yataziyeyusha kidogo kidogo na kuzibeba mpaka kisimani. Zege lako litapasuka zamani, wakati plutoni-239, mojawapo ya sumu zilizomo kwenye taka hizo, huchukua miaka 24,100 kupungua nusu. Nusu tu!

Ndiyo maana nawasifu Wafini. Kisiwani Olkiluoto, kwao Ufini, walianza mwaka 2004 kuchimba Onkalo, ghala la kuzikia taka za nyuklia, zaidi ya mita 400 chini, ndani ya mwamba wa karibu miaka bilioni 1.9. Fueli iliyotumika vinuni, ambayo ndiyo taka yenyewe, hupozwa kwanza majini kwa miongo kadhaa, kisha huingia kwenye mtungi wa chuma cha kusubu uliovikwa shaba yenye unene wa sentimita 5. Chuma ni mifupa, shaba ni ngozi. Kina kile hakina oksijeni, na bila oksijeni shaba haina haraka ya kuliwa.

Ila kinachonifurahisha mimi ni udongo. Mtungi huzungushiwa bentonaiti, udongo uliokaushwa na kushindiliwa ukawa kama tofali. Nilikuwa na kipande chake mezani, kadiri ya kiberiti. Siku moja nikakitia kwenye glasi yenye maji kidogo. Kikaanza kuvimba pembeni, kikamenyeka tabaka kwa tabaka kama kitunguu. Asubuhi nikaipindua glasi juu chini: halikutoka tone. Maji yakija, yenyewe ndiyo yanayojifungia mlango.

Udongo huo una ugonjwa mmoja: hautaki joto kali. Haitakiwi uvuke nyuzi 100 za Selsiasi, na fueli ile huendelea kutoa joto hata baada ya kupozwa. Kwa hiyo mitungi hutenganishwa kwa mita kadhaa, kila mmoja na shimo lake. Urefu wa mahandaki ya Onkalo watu hudhani ni kwa wingi wa taka, kumbe ni joto. Fedha nyingi huenda huko, kwenye kuchimba nafasi ya kupumulia.

SWALI: Nani ameishi miaka laki moja akathibitisha? – Msomaji mwenye shaka

JIBU: Hakuna mtu, ila kuna mwamba. Mwaka 1972 Wafaransa waligundua kwamba urani (madini yanayotumika kama fueli ya vinu) ya Oklo, Gabon, ilikuwa imeshawaka yenyewe kama kinu cha nyuklia, takribani miaka bilioni 2 iliyopita. Tena maji ndiyo yaliyoiwezesha kuwaka, kwa hiyo usiniambie palikuwa pakavu. Hata hivyo sehemu kubwa ya taka zake haikwenda mbali, na plutoni iliyozaliwa humo ilifia pale pale ilipozaliwa. Hapakuwa na mtungi wala mhandisi. Na walikuta nini kimekizunguka kile kinu? Udongo wa mfinyanzi.